Mate ya Mzee wa Nakaloke

Nimechoka, nianze na hilo. Watu wakisikia kwamba nilipima DNA kumtafuta baba yangu, wanavuta viti karibu, wanataka uhondo. Uhondo uko wapi? Kuna mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miguu inavimba kila jioni, anapika pilau na maharage kando ya barabara kuu hapa Jinja, na maisha yake yote alitaka kitu kimoja tu. Alitaka mtu wa upande wa baba yake amwambie, "Wewe ni mtoto wa ndugu yangu." Maneno sita. Na mtu pekee aliyebaki duniani wa kuyasema alikuwa mzee mmoja wa Nakaloke, kule juu ya Mbale, na mzee huyo alikuwa hataki.

Nieleze kwa nini niliyataka, maana wengine huniambia, "Mama, umeshazeeka, baba wa nini tena?" Mimi nilizaliwa miaka ile ya utawala wa kijeshi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa kambini, kwa hiyo nyumbani kwetu tulisema Kiswahili kutwa kucha, na wakati huo Kiswahili hapa Jinja kilikuwa lugha ya bunduki. Mama alinizaa akiwa peke yake. Basi majirani walijumlisha wenyewe: baba mpishi wa kambi, binti ana mimba, mume haonekani. Nikaitwa mtoto wa afande. Kisimani, shuleni, madrasa, hata siku ya harusi yangu kuna mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, nikasikia, "Huyu ndiye yule mtoto wa afande." Nilikuwa nimepakwa hina hadi viwikoni, nikanyamaza. Siku nyingine yoyote ningemjibu.

Mama yeye hakubadilisha maneno yake hata mara moja. Alisema baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia kwenye kiwanda cha nguo, Mwislamu, Mgisu wa Nakaloke, mtu mrefu mwenye maneno machache, na walioana mbele ya sheikh na mashahidi wawili. Askari wakamchukua getini pa kiwanda mimi nikiwa tumboni, na hakurudi. Sheikh amekufa, mashahidi wamekufa, karatasi haikuwahi kuwepo. Watu walimsikiliza mama, wakaitikia kwa vichwa, wakaenda zao wakisema lisemwalo lipo.

Mwaka ule alipokuwa anaumwa ugonjwa wa mwisho, alinishika mkono, akaniambia nikimzika tu niende Nakaloke. Nyumba ya matofali nyuma ya msikiti wa zamani. Mdogo wa baba yako ana kovu kwenye nyusi.

"Mimi nilikwenda mara moja," akasema. "Wewe una miezi saba tumboni. Nikapiga hodi mara tatu. Hawakuwepo, walikuwa shambani."

"Mbona hukurudi siku nyingine?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mjinga. "Mtu hurudi mara ngapi?"

Basi nilipomaliza arobaini ya mama, nikafunga hoteli siku mbili, nikaenda.

Mzee nilimkuta barazani, kofia kichwani, kanzu imefuliwa hadi imekuwa nyembamba. Kovu lilikuwepo, limekata nyusi ya kulia. Nilikaribishwa vizuri, siwezi kusema uongo. Binti yake mkubwa, ambaye alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Nkoma, pale Mbale mjini, pamoja na mumewe, aliniletea chai ya tangawizi na viazi vitamu. Nikajieleza. Mzee akasikiliza, macho yako kwenye vidole vyangu, kisha akajibu kwa Kiswahili chake kifupi, kile cha kuwajibia askari kwenye kizuizi.

"Ndugu yangu walichukua Jinja, kweli. Lakini ndugu yangu hapana oa. Mimi hapana jua mwanamke ya Jinja. Kunywa chai, mgeni."

Mgeni! Nimesafiri tangu alfajiri, makalio yamekufa ganzi, naitwa mgeni kwa baba mdogo wangu mwenyewe. Hasira ilinipanda hadi kooni. Nikainywa chai, ilikuwa nzuri.

Aliyeleta habari ya DNA ni yule mkwe wa mzee, mume wa binti. Ni mwalimu wa bayolojia, kijana mpole wa miwani, mtu wa kupenda mambo yaishe kwa amani. Alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia, "Mama, siku hizi watu hawana haja ya kubishana. Kuna kichupa, mtu anatema mate ndani, kinapelekwa ng'ambo, majibu yanakuja kwenye simu. Kama mzee ni baba yako mdogo, itasema. Damu ya amu na ya mtoto wa ndugu yake haijifichi." Akasema kuna mwenzake anasafiri, atavileta vichupa vitatu, kimoja cha akiba, na atavirudisha mwenyewe.

Nilidhani mzee atakataa. Kumbe alikubali upesi upesi. "Sawa. Lete," akamwambia mkwewe. Ningekuwa na akili zangu timamu ningeshangaa hapo hapo. Mtu mgumu akilainika ghafla, chunguza. Lakini nilikuwa nimefurahi, na furaha humfanya mtu zuzu.

Siku ya kutema mate tulikusanyika tena Nakaloke. Mwalimu akasoma masharti kama anayesoma mtihani: usile, usinywe, usivute sigara, usitafune chochote nusu saa kabla. Mate yafike kwenye mstari. Mimi nikachukua changu, nikatema pale pale mbele ya watu wote bila haya yoyote. Nimezaa watoto wanne, nione haya ya mate?

Mzee akakishika chake, akakigeuzageuza. Akamwangalia mkwewe, akaniangalia mimi.

"Mimi hapana tema mate mbele ya mkwe," akasema.

Na hapo hakuna aliyembishia, maana kwao kule mkwe na mkwewe wana heshima ya kutazamana kwa mbali. Mwalimu hawezi hata kukaa kwenye kiti alichokaa baba wa mke wake, sembuse kusimama amchunguze mdomo. Maskini kijana aliona haya kuliko mzee. Akainuka, akaenda kusimama kwenye geti, akatupa mgongo. Binti naye akaingia jikoni. Mimi nikabaki, lakini mzee akasema hawezi mbele ya mwanamke pia, akazunguka nyuma ya nyumba, kule kwenye vyumba anavyopangisha.

Nilikaa barazani peke yangu. Uani kulikuwa na dereva mmoja Mkenya, mpangaji wa mzee, anaosha tope kwenye gurudumu la lori lake. Tulikuwa tumesalimiana nilipoingia, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kama chetu nyumbani, nilipumua. Nikamwambia akipita Jinja aulize hoteli ya mama wa pilau, stendi ya malori, chakula cha kwanza ni cha bure kwa sababu ameniambia karibu. Mzee alipozunguka nyuma nilimsikia akimwita, na dereva akaweka ndoo chini akamfuata. Nikadhani mzee anataka kusaidiwa kukaa. Wallahi ndivyo nilivyodhani.

Baada ya muda mzee akarudi, kichupa kimejaa hadi mstarini, kimefungwa, kimefutwa. Mwalimu akafurahi. "Mzee ana mate mengi kuliko sisi vijana," akasema. Mzee hakucheka.

Majibu yalichukua wiki nyingi. Nilipika, nikaosha, nikalala, nikaamka, kila simu ikilia moyo unaruka. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno. Nilijua ni nani nitamwambia kwanza: yule mama wa siku ya harusi yangu, bado yu hai, anauza mkaa nyuma ya soko.

Simu ilikuja saa saba mchana, hoteli imejaa, nina upawa mkononi. Mwalimu akaanza kwa salamu ndefu, za nyumbani, za watoto, za biashara. Nikajua. Mtu mwenye habari njema hasalimii hivyo.

"Sema tu, baba," nikamwambia.

"Mama, inasema hamhusiani. Hata kwa mbali. Hakuna kitu."

Nikamwekea mteja nyama mara mbili kwenye sahani moja, sikuona. Mwalimu akashusha sauti. Kulikuwa na jambo jingine, akasema, na hajui alipeleke wapi. Kile kipimo kinaonyesha pia watu wengine waliopima ambao mna undugu nao. Wa mzee wote walikuwa watu wa Kisumu na kando ya ziwa, upande wa Kenya. Si Mgisu hata mmoja. Mke wake ameyaona majibu, analia tangu jana, anajiuliza bibi yao mzaa baba alifanya nini zamani hizo, na baba yake ni mtoto wa nani. Hawajui watamtazamaje mzee.

Ningekuwa mtu mwenye akili ningesimama hapo. Lakini sikusikia ya Kisumu. Nilisikia la kwanza tu: hamhusiani. Nilifunga jikoni mapema, nikaenda nyumbani, nikaivua picha ya mama ukutani. Ni picha yake ya ujana, amejifunga kanga, anacheka. Nikaitia ndani ya sanduku la nguo, chini kabisa, na nikakaa kitandani nikimsema kwa sauti kama yuko chumbani. Nilimwambia, umenidanganya miaka hamsini. Ungeniambia tu kwamba ni askari, ningefia nini? Ningekula, ningekua, ningeolewa. Umeniacha nikatukanwe mpaka uzeeni nikikutetea, na wao ndio walikuwa wanasema kweli.

Kila Ijumaa tangu afe nilikuwa nikimsomea Yasini. Nikaacha. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mengine yote. Ijumaa sita mama yangu alikaa kaburini bila Yasini, kwa ajili ya mate ya mtu.

Ijumaa ya saba, watu wakiwa wametoka msikitini, yule dereva Mkenya akaingia hotelini kwangu. Nilimjua kwa ule msalaba mdogo aliouning'iniza kwenye ufunguo wa lori. Naye alinijua, akasita mlangoni, kama anataka kugeuka.

"Karibu," nikasema. "Nilikuahidi sahani."

Akala kichwa kimeinama. Dereva anayekula bila kulalamikia barabara, bei ya mafuta wala polisi, huyo ana jambo. Nikamwongezea kachumbari. Nikamuuliza habari za Nakaloke. Akasema ni nzuri, ila nyumbani kwa mzee kuna kitu, binti haji tena, mzee anakaa siku nzima bila kusema, na watu wanasema eti ni kwa sababu ya kipimo fulani.

"Kipimo cha mate," nikasema.

Kijiko kikasimama.

"Mama, ngoja. Kile kichupa ndicho kipimo?"

"Kichupa gani?"

"Wee!" Akakiweka kijiko chini, akajipangusa mdomo. "Mama, mimi sikujua. Mzee aliniita kule nyuma akaniambia hospitali inataka mate yake, ni ya kifua, na yeye mdomo umekauka hana mate. Akaniambia nimsaidie. Mimi ningesema nini? Ni mwenye nyumba wangu, ni mzee wa watu. Nikatema. Nikajaza mpaka pale kwenye laini."

"Wewe kwenu ni wapi?"

"Kisumu, mama."

Sijui niseme nini juu ya dakika ile. Nilicheka. Nilicheka mpaka wateja wakageuka, mpaka mpishi mwenzangu akatoka jikoni na unga mikononi. Kisha nikakaa chini pale pale sakafuni penye maji ya kuoshea, nikalia. Dereva wa watu akawa anasema pole mama, pole mama, hajui ni pole ya nini. Miezi yote ile nimekuwa nikilinganishwa na mtu wa Kisumu aliyekuwa anaosha lori! Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imepitia ng'ambo.

Jioni ile niliitoa picha ya mama sandukuni, nikaifuta vumbi, nikaipachika. Nikasoma Yasini. Nilimwomba radhi, ila nilikuwa nimechoka mno kuomba vizuri, nikalala na msahafu juu ya mto.

Kesho yake nikaenda Mbale. Nilianzia Nkoma kwa mwalimu, nikamweleza yote, na mkewe akiwa amesimama mlangoni anasikia. Binti wa watu alishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Bibi yangu! Nimemtukana bibi yangu moyoni!" Nikamwambia hayuko peke yake. Mwalimu akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Lilimuuma kwamba yeye ndiye aliyetupa mgongo. Akaniletea kichupa cha tatu kilichobaki, akakitia mkononi mwangu.

"Safari hii simama naye mwenyewe, mama. Mimi siwezi, unajua."

Nikakitia mkobani, nikachukua boda hadi kwenye taksi za Nakaloke.

Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Nina ulimi, mimi, wanaonijua wanajua. Lakini nilipoingia uani nikamwona mzee peke yake barazani, sahani ya chakula pembeni haijaguswa, nzi wanaitembelea, yale matusi yakaishiwa nguvu. Nilifukuza nzi. Nikaifunika sahani. Nikakaa.

"Mzee," nikasema, "watoto wako wanasema mama yako alizaa na mtu wa Kisumu."

Akatikisika.

"Mama yako, mzee. Yuko kaburini, hawezi kujitetea. Mimi najua hali hiyo, kwa sababu ya mama yangu. Wewe unajua mate yale ni ya nani. Utamwacha mama yako hivyo?"

Sikumsaidia kwa neno jingine. Nilikuwa nimeshawasaidia watu vya kutosha. Kisha akasema, taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha kuungaunga, na nitayaweka hapa kwa utaratibu kwa sababu yeye aliyatoa vipande vipande.

Alisema mate ya mzee si kitu cha kutia kwenye plastiki na kupelekea watu usiowajua. Kwao mzee hutema mate kwa mtoto wa ukoo, kumbariki, anapotahiriwa, anapoolewa, anaposafiri. Akiyatoa hovyo, baraka imekwenda nayo. Hiyo ilikuwa sababu moja.

"Na ya pili?"

Ya pili ilikuwa kwamba alinijua tangu siku ya kwanza. Alivijua vidole vyangu. Kidole changu cha mwisho kimepinda kuelekea ndani, mikono yote miwili, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vidole vya kaka yake.

"Sasa kwa nini?" Sauti yangu ilikuwa imepanda bila ruhusa. "Kwa nini, mzee?"

"Siku ile mama yako kuja," akasema, "mimi nilikuwa ndani."

Nikamgeukia mzima mzima.

"Ilikuwa mchana. Ndugu yangu wamechukua, napita mwezi mmoja tu. Nasikia mtu nasema hodi. Kiswahili. Wakati ule mtu nasema hodi kwa Kiswahili, ni askari. Nachungulia dirisha. Naona mwanamke, tumbo kubwa. Najua ni yeye, ndugu yangu naeleza mimi habari yake. Nasema moyoni, baba yake ni mtu wa kambi, wametuma yeye, au wanafuata yeye nyuma. Nashika komeo hivi." Akakunja ngumi, akaibana kifuani. "Hodi ya kwanza nashika. Hodi ya pili nashika. Ya tatu, mama yangu nalia nyuma yangu, nasema fungua. Mimi hapana fungua."

Kwa hiyo hawakuwa shambani. Mama alisimama juani, miezi saba, na mtu alikuwa upande wa pili wa mbao. Nilitamani nimpige yule mzee. Nalisema wazi. Nilitamani nimshike kanzu nimtikise mpaka kofia ianguke, na wakati huo huo nilimwona kijana wa miaka ishirini na kitu anayetetemeka na komeo mkononi, na nikachoka. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na hasira na uchovu mwingi namna ile kwa pamoja.

"Nikisema wewe ni mtoto wa ndugu yangu," akasema, "lazima niseme pia mlango."

Akainuka kwa shida, akaniashiria nimfuate. Tukapita nyuma ya vyumba vya kupangisha, hadi penye migomba. Kulikuwa na tuta fupi, limepaliliwa, limezungushiwa mawe. Nilikuwa nimemuuliza habari za kaburi la baba ile safari ya kwanza, akasema hakuna. Hakudanganya sana. Alisema mwili haukurudi, na mama yake alishindwa kuvumilia bila kitu cha kuzika. Sheikh alikataa, akasema inatosha kumswalia asiyekuwepo. Bibi akaswali, kisha akakata shina la mgomba, akalifunga sanda, akachimba mwenyewe, akazika. Kila mwaka mzee analipalilia.

Basi hapo ndipo alipo baba yangu. Mtu wa vipimo angechimba asipate hata unywele.

Nilisimama. Kichupa kilikuwa mkobani, nikakigusa nikakiacha. Mzee alikiona.

"Lete," akasema. "Nitatema. Mbele yako. Mbele ya mkwe kama wewe nataka."

"Sikitaki," nikasema. Na kweli sikukitaka. Baadaye mwalimu alinisihi turudie, kwa ajili ya uhakika. Nikamwambia mimi uhakika ninao. Kichupa kiko jikoni kwangu, nimekitia iliki.

Mzee akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu. Vidole vyake vilikuwa vikavu. Akasema kwanza kwa Lugisu, lugha yao, maneno marefu, nikamsikia akilitaja jina la baba yangu na majina ya watu waliokuja kabla yake. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka mto kwa mawe, "Wewe ni mtoto wa ndugu yangu."

Akatema mate kwenye kiganja changu cha kulia. Kidogo tu, yana joto. Akanikunja vidole juu yake.

Nikamwambia, "Baba mdogo, bado."

Akaniangalia. Nilikuwa nimemnyooshea kiganja cha kushoto.

"Hiki ni cha mama yangu. Alipiga hodi mara tatu."

Akafungua mdomo, akaufunga. Alijaribu, akatafuna tafuna bila kitu, taya zinakwenda, hakikutoka kitu. Safari hii hakuwa anasingizia. Mdomo ulikuwa umekauka kweli. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mate hana. Nikarudi hadi barazani, ngumi ya kulia nimeikunja nisipoteze kilichomo, nikachota maji ya mtungi kwa mkono wa kushoto, nikamletea. Akanywa yote. Tukakaa juu ya yale mawe, mimi na yeye, tukingoja kinywa cha mzee kirudi, na sikuwa na haraka tena ya kwenda popote.

Kisha akaweka kikombe chini, akauvuta mkono wangu wa kushoto kwake, akasema, "Karibu ndani, shemeji." Akatema.